TAHADHARI: Kemshafti "mpya" za Twin Cam 88 zimesagwa upya, msitume hela

Ndugu zangu wenye Harley-Davidson za safari ndefu, hasa za 1999 hadi 2006 zenye injini ya Twin Cam 88, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela. Kuna muuzaji mtandaoni anauza kemshafti (shafti zenye nundu zinazofungua vali za injini) "mpya kabisa, bado ziko kwenye boksi". Mimi ameshanipiga. Sitaki apige mwingine.

Pikipiki yangu ni ya 2003. Kwa asiyezijua injini hizi: zina kemshafti mbili upande wa kulia, zinaendeshwa na cheni mbili, na kila cheni inakazwa na kiatu cha plastiki kinachosukumwa na springi. Kiatu hicho hulika. Kikilika sana, vipande vyake huingia kwenye oili na vinaweza kufika hadi kwenye pampu. Ndiyo maana wengi wetu tukishafungua kukagua viatu, tunaona heri tuweke na kemshafti nzuri zaidi hapo hapo, tupate nguvu kwenye mizunguko ya chini, ile unayoitafuta ukiwa umempakia mtu, mabegi yamejaa, na mlima uko mbele yako. Muuzaji huyu analijua hilo. Anawawinda watu ambao injini iko wazi tayari na wana haraka ya kuifunga.

Alinifuata mwenyewe kwa ujumbe wa faragha. Bei yake ilikuwa chini ya kawaida, ila si ya kutupa, na hicho ndicho kilichonilainisha. Alisema kemshafti zake zinafungua vali inchi 0.510 na kwamba "unachomeka tu, hubadilishi kingine chochote". Nikamwomba picha ya nundu kwa karibu, akanitumia picha ya boksi. Nikamwomba picha ya ncha ya shafti penye namba, akanitumia boksi lile lile limegeuzwa upande wa pili. Kisha akataka nimlipe moja kwa moja, nje ya mfumo wa malipo wa soko lenyewe, eti makato ni makubwa. Nililipa. Na kwa kulipa hivyo nilipoteza haki ya kudai chochote.

Mzigo ulifika, na boksi lilikuwa jipya kweli. Ndani shafti zilipakwa grisi nzito kuliko inavyohitajika. Fundi wangu, mzee asiye na maneno mengi, alichukua kitambaa akafuta polepole, nundu moja baada ya nyingine, akiigeuza shafti kwenye mwanga. Alipofika kwenye nundu ya vali ya moshi ya silinda ya nyuma akasimama. Palikuwa na vishimo vidogo kama vya ncha ya sindano, vimejipanga sawasawa na njia ya roli ya tapeti, kile kipande kinachosukumwa na nundu. Kwenye ncha ya shafti, namba ilikuwa imefutwa kwa jiwe la kusagia, mikwaruzo yote imelala upande mmoja. "Hii imeshatembea, mwanangu," akasema.

Akaleta maikromita, na kipimo hiki nawaomba mkikariri kwa sababu kinamuumbua tapeli kwa dakika mbili. Pima nundu kutoka kileleni hadi mgongoni, halafu pima upana wake kwenye sehemu ya mviringo, ukitoe kwenye kipimo cha kwanza. Ulichobakiwa nacho ndicho kimo cha nundu. Zidisha kwa 1.625, ambao ndio uwiano wa roka (mikono inayosukuma vali) za Twin Cam, upate vali itafunguka kiasi gani. Kwa inchi 0.510, yaani karibu milimita 12.95, kimo cha nundu kinatakiwa kiwe milimita 7.97 hivi. Zangu zilikuwa 7.1. Kwa hesabu hiyo vali ingefunguka milimita 11.5 tu.

Kwa hiyo ni shafti zilizotumika, zikalika, zikasagwa upya ili zing'ae. Kusaga upya kukifanywa na mtu anayejua kazi, na akakwambia ukweli, si dhambi. Shida ni kwamba uso wa nundu una tabaka gumu, na ukisaga kupita tabaka hilo, roli ya tapeti itaitafuna nundu na unga wa chuma utasambaa kwenye oili. Tena sehemu ya mviringo ikipungua, pushirodi (fito zinazounganisha tapeti na roka) za kawaida zinakuwa fupi, tapeti hazibanwi inavyotakiwa, na injini inaanza kugonga. Ukipewa shafti ya namna hii unahitaji pushirodi za kurekebishika. Yeye aliniambia nisibadilishe kitu!

Nilimwandikia nikamtumia picha za vipimo. Kwanza akasema fundi wangu ndiye aliyezikwaruza. Nikamjibu kwamba hazijawahi kuingia kwenye injini. Akanifungia. Siku chache baadaye nikaona picha ile ile ya boksi kwenye tangazo lenye jina jingine, na safari hii anasema zinaingia "Twin Cam zote". Huo nao ni uongo. Kemshafti za mpaka 2006 hukaa kwenye beringi za nje ndani ya bamba la kushikilia kemshafti, wakati za kuanzia 2007 huzunguka moja kwa moja kwenye bamba lenyewe. Harley za aina ya Dyna zilitangulia mwaka mmoja, 2006. Huwezi kuzibadilishana bila kubadilisha bamba na vinavyoambatana nalo. Muuzaji anayeielewa bidhaa yake atakuuliza mwaka wa pikipiki yako kabla hajakutajia bei. Huyu hakuniuliza hata mara moja.

Mkiona tangazo la namna hiyo, mdai picha ya kila nundu ikiwa imefutwa grisi, na picha ya ncha zote mbili za shafti siku hiyo hiyo, pembeni pawe na karatasi yenye jina lenu. Akileta boksi, achaneni naye. Na mliokwisha kununua, msifunge injini kabla ya kupima, hata kama fundi anawaharakisha. Shafti zangu bado ninazo, na picha za vishimo pamoja na ile ncha iliyosagwa nitampa yeyote anayetaka kulinganisha na alizotumiwa.