Uzoefu wangu: kutembea kwa miguu na kulala hemani Amani, Muheza

Sisi wa Tanga tukitaka kutalii, mawazo yanakimbilia Mikumi, Ngorongoro au Zanzibar. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iko hapohapo Muheza, juu ya Usambara Mashariki, na ukitoka mjini alfajiri unafika jua halijawa kali, lakini wenyeji wanaopanga safari ya kwenda kukaa huko ni wachache mno. Mimi nimekwenda na mume wangu, wifi yangu na watoto wake, tukalipia huduma kamili: mwongozaji, mahema, mpishi na matembezi ya msituni kila siku. Wengi wananiuliza kama inafaa. Inafaa sana, tena nitarudi. Ila uzuri wote wa safari ile ulitoka kwa mtu mmoja, yule mwongozaji, na ukipata fedha ya kuchagua kitu kimoja tu cha kulipia, lipia huyo kabla ya hema, gari na mpishi.

Niyaseme kwanza yaliyonikera. Wakala aliyetuuzia safari, ambaye simtaji, alitutumia tangazo lenye picha ya tembo na simba. Amani hakuna simba wala tembo. Mpwa wangu wa darasa la sita alibeba darubini ya kuazima kwa ajili ya tembo, na njia nzima alikuwa akiulizia tembo. Huu si uungwana. Msitu ule una utajiri wake ambao Serengeti haina, kuna mimea na viumbe ambao huwakuti popote duniani isipokuwa kwenye milima hii na ya jirani yake, sasa kwa nini uuuze kwa picha ya kuazima? Ukipewa tangazo la namna hiyo, uliza waziwazi utaona nini, na majibu yakiwa ya kuzungukazunguka tafuta wakala mwingine.

Kutoka Muheza unapita mashamba ya michungwa, kisha njia inaanza kuingia milimani. Lango liko Sigi, bondeni, na ofisi ya kupokelea wageni ni nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, ya enzi za Mjerumani. Reli ilikuwa inatoka Tengeni hadi hapo kuchukua mbao. Reli yenyewe haipo tena, nyumba ipo. Hapo ndipo unapolipia viingilio vya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu wa serikali, kwa namba ya malipo, na mzawa analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, kwa hiyo nendeni na vitambulisho vyenu. Kutoka Sigi barabara inapanda kwa kona kali mpaka Amani kwenyewe, takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, na hewa inabadilika kabisa. Watoto wetu wa Ngamiani, Tanga mjini, waliozoea joto letu walianza kuomba masweta.

Mwongozaji wetu ni mzee wa Kisambaa aliyezaliwa kijiji cha ndani ya milima hiyo. Tulimwita mzee, naye mimi aliniita mwanangu tangu salamu ya kwanza. Kabla hatujaanza kutembea alitutazama viatu mmoja mmoja, akamfunga mpwa wangu kamba upya, akatuambia suruali tuzichomeke ndani ya soksi kwa sababu ya siafu. Halafu akatembea polepole. Polepole kweli, hata mume wangu akaninong'oneza kwamba kwa mwendo huu hatufiki popote. Baada ya nusu saa tukaelewa. Mzee yule anasikiliza kwanza, anaangalia baadaye. Anasimama, anainua kidole, na wewe unasikia kile ambacho masikio yako yalikuwa yanakipita. Kundi la mbega lilikuwa juu yetu muda wote ule na hakuna aliyeliona mpaka alipolionyesha: wamekaa kimya kwenye matawi, mikia myeupe imening'inia.

Hondohondo, wale ndege wakubwa wa mdomo mkubwa, wao hawajifichi. Akiruka juu ya msitu mabawa yake yanavuma kama mtu anayekung'uta mkeka, na sauti yake inasikika bonde zima. Hapo mzee akatupa somo ambalo sijalisahau. Alituonyesha mti mrefu, mwembamba, uliojaa kila mahali msitu ulipowahi kukatwa. Ni msizi, akasema, si wa hapa, uliletwa na watu wa misitu kwa ajili ya mbao. Unakua haraka, unazaa matunda mengi, na hondohondo wanayapenda. Wanakula hapa, wanakwenda kuzidondosha mbegu kule, na msizi unaota kule ambako hakuna mtu aliyeupanda. Ndege mwenyewe ni wa asili, anaangaliwa na kulindwa, na ndiye huyohuyo anayeusambaza mti mgeni. Wifi akamuuliza sasa wanafanyaje. Mzee akajibu kwamba ukiufunga msitu usikatwe, miti ya asili inaota pole pole chini ya kivuli cha huo msizi, kwa hiyo dawa ya kwanza ni kutouvuruga. Alitushika mikono akatuinamisha tuone miche yenyewe. Maelezo kama hayo hayapo kwenye kibao chochote cha njiani.

Ua la zambarau nalo nililiona kwa sababu ya mzee. Linaota kwenye mwamba wenye unyevu, kivulini, majani yake yana manyoya laini, na ukipita bila kuonyeshwa utalikanyaga. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Usambara, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani, na wataalamu wakalipa jina lake, Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, watu wanaliweka dirishani. Kwao ni huku. Mzee hakuturuhusu kuchuma hata jani, na mpwa wangu wa kike alipoinama kupiga picha alimwambia asogeze goti, kulikuwa na mche mwingine.

Usiku ndio uliozidi yote, na hapa nawasihi msikubali safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Matembezi ya usiku tulitozwa pembeni na wakala, ingawa tuliambiwa kila kitu kimo kwenye bei, na hilo nalo nimelisema kwao. Lakini ningelipa tena. Tulitoka saa mbili usiku, kila mmoja na tochi ya kichwani. Kinyonga mchana humuoni, rangi zake zinamficha. Usiku akilala anapauka, na mwanga wa tochi ukimpiga anang'aa kwenye ncha ya kijiti. Tuliwaona wengi njia moja tu, wadogo kama kidole, na mwishowe dume la pembe tatu, pembe zinatoka mbele ya uso. Sisi wa pwani kinyonga tunamwogopa, tumelelewa hivyo, na wifi alikuwa nyuma kabisa ameshika kanga yake mdomoni. Mzee hakumcheka. Alimweleza taratibu kwamba hana sumu wala hang'ati bure, akamwacha asogee mwenyewe kwa wakati wake. Alisogea. Mpaka leo picha ya yule kinyonga ndiyo aliyoiweka kwenye simu yake.

Halafu kikaja kilio. Kinaanza kwa mkwaruzo, kinapanda, kinakuwa ukelele wa kutisha kabisa kutoka juu ya mti. Watoto walinikumbatia. Mzee akasema huyo perere, mnyama wa ukubwa wa sungura, anakaa mitini, anaita wenzake. Kisha akamgeukia yule mpwa wangu wa darubini akamwambia kwamba kwa ukoo, perere na tembo ni jamaa. Wataalamu wanawaweka karibu. Kijana alikaa hapo akisikiliza mpaka tulipomwondoa. Alichoahidiwa kwenye tangazo hakukipata, alichopewa na mzee kilimtosha.

Siku iliyofuata tulizunguka bustani ya mimea. Wajerumani waliianzisha taasisi ya utafiti hapo mwaka 1902, wakaleta miti kutoka kila pembe ya dunia kujaribu ipi ingeleta faida: mpira, kafuri, mdalasini, kahawa, kwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipowakatia njia ya bahari, dawa ya malaria ya askari wao ilitengenezwa kutokana na miti ya kwinini ya hapohapo. Wakati wa Waingereza utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, na Amani ikawa mahali pa kuchunguza malaria. Mzee alimega gamba la mdalasini, akaponda jani la kafuri, akatunusisha. Watoto wanaochukia darasa la historia walikuwa wanagombania kunusa.

Kitu kilichonigusa zaidi mimi binafsi ni mto. Zigi unatoka kwenye msitu huu, unateremka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka hapo maji yanakuja Tanga mjini. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji ilipouza hati fungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, yaani kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya maji, mjini tulizungumza mabomba na matangi, basi, msitu hatukuutaja. Nimesimama pembeni ya kijito chembamba, maji baridi, yanatoka chini ya mizizi, mzee ananiambia kwamba miti hii inashika ukungu na mvua na kuyaachia maji kidogo kidogo hata kiangazi. Alituonyesha pia mahali ambapo iliki ililimwa chini ya kivuli. Kwa macho unaona miti mikubwa bado imesimama, lakini chini kumefyekwa, hakuna miche, na miti hiyo ikifa hakuna ya kuirithi. Kule Derema, kwenye milima hiihii, wakulima wa iliki walilipwa fidia waache mashamba yao ili misitu iunganike. Mzee alilisema hilo kwa upole, maana anawajua waliolipwa na waliolalamika. Napenda kila mwalimu wa Tanga awapeleke wanafunzi wake pale mtoni.

Kambi yenyewe ilikuwa ya wastani. Uwanja ni mzuri, umesawazishwa, choo ni cha shimo ila safi, maji ya kuoga ni ya ndoo na ni ya baridi. Mahema ya wakala hayakustahili bei yake: kitambaa cha juu kilikuwa chembamba, na mvua ya usiku wa kwanza ilipita mshononi tukasogeza magodoro katikati. Amani mvua si mgeni. Kwa mwaka inafika karibu milimita 2,000, na mtu anayeuza safari ya huko anajua. Mpishi, Mungu ambariki, alitufidia. Ndizi za kupika na maharage ya nazi, samaki wa kukaanga tuliowachukua soko la Deep Sea, na asubuhi chai ya rangi yenye mdalasini na iliki za hukohuko na mihogo ya kuchemsha. Alipika kwa gesi, kuni za hifadhi haziguswi.

Tulipita pia kwa wafugaji wa vipepeo. Wanatunza mayai na viwavi kwenye vizimba vya neti, na bundo, yaani kiwavi akishajifunga kabla ya kuwa kipepeo, walikuwa wakiwauza nje ya nchi kwa ajili ya maonyesho. Mwaka 2016 serikali iliposimamisha kusafirisha wanyamapori hai, kipato hicho kilikatika. Ni matembezi mafupi, ingieni, lipeni kiingilio chao bila kuomba kupunguziwa.

Nani aende? Mtu yeyote anayeweza kutembea saa mbili tatu kwa mpando wa wastani. Njia ya kwenda kilima cha Mbomole ina sehemu za kuteleza lakini watoto walipanda, na juu unaona mashamba ya chai na migongo ya milima mpaka macho yachoke. Mwenye matatizo ya magoti abaki kwenye bustani na njia za Sigi, atafurahi vilevile. Masika, yaani Machi hadi Mei, msiende na hema. Sisi tulikwenda kipupwe na bado tulilowa, kwa hiyo koti la mvua ni lazima, pamoja na sweta, viatu vyenye meno, tochi na betri za akiba. Maji tumieni chupa kubwa ya kujaza. Wakala alileta katoni za chupa ndogo, na mzee ndiye aliyekuwa akiziokota.

Safari ijayo sitapitia kwa wakala. Nimeuliza ofisini Sigi na nimeambiwa unaweza kupanga nao moja kwa moja: unaomba mwongozaji, unalipa eneo la kambi, hema unakuja nalo au unalala kwenye nyumba ya wageni. Ombeni mwongozaji aliyezaliwa vijiji vya humo, na pangeni siku mbili angalau ili mpate usiku na alfajiri. Takrima mpeni mkononi mwake, siyo kupitia kwa mtu mwingine. Wetu alituambia, tulipomuuliza, kwamba za wageni waliopita kwa mawakala mara nyingi hazimfikii.