Tathmini ya huduma ya CMA kwa mfanyakazi aliyefukuzwa kwa sababu ya chama

Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha Dar es Salaam nilipomsindikiza mwenzangu kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi, ambayo karibu kila mtu anaiita CMA. Mwenzangu huyo alikuwa amepewa barua ya kuachishwa kazi wiki chache tu baada ya kuanza kugawa fomu za TUF 6, zile ambazo mfanyakazi hujaza ili ada ya chama ikatwe kwenye mshahara wake. Barua haikutaja chama hata mara moja. Ilizungumzia utendaji usioridhisha, ingawa jalada lake halikuwa na onyo hata moja la maandishi.

Huduma ya Tume haiwezi kupimwa bila kuitazama sheria inayoisimamia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 9, inampa mfanyakazi haki ya kuanzisha chama, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake halali, na inakataza mtu yeyote kumbagua kwa kuitumia haki hiyo. Kifungu cha 37 kinaongeza kwamba uanachama, uwe wa sasa au wa zamani, pamoja na ushiriki katika mgomo halali, haviwezi kuwa sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. (Namba za vifungu ninazotaja ni za sheria ilipotungwa.) Lakini kifungu ninachokithamini kuliko vyote ni cha 39, kwa sababu kinamtwisha mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba aliachisha kwa haki. Kama mzigo huo ungekuwa wa mfanyakazi, angelazimika kuthibitisha nia iliyofichwa kichwani mwa bosi wake, jambo ambalo hata wakili hodari hulishindwa.

Kuhusu huduma yenyewe, jambo la kwanza la kusifu ni kwamba kufungua shauri hakulipiwi. La pili ni uhuru wa kuchagua mwakilishi, kwani sheria inamruhusu mlalamikaji aje na afisa wa chama chake, wakili, au mtu mwingine anayemwamini. Mlalamikaji anajaza Fomu Na. 1, anampelekea mwajiri nakala na kuleta uthibitisho kwamba imepokelewa, kisha shauri linakwenda kwa msuluhishi, ambaye sheria inampa siku 30 isipokuwa pande zote zikubaliane kwa maandishi kuongeza muda. Usuluhishi ukishindikana, shauri linahamia kwa mwamuzi, ambaye tuzo yake, yaani uamuzi anaoutoa, inaweza kupelekwa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kwa marejeo, yaani ipitiwe upya. Mlalamikaji asipohudhuria usuluhishi, shauri lake linaweza kufutwa, na mwajiri asipohudhuria, msuluhishi ana mamlaka ya kuliamua bila yeye.

Fomu hiyo inastahili uangalifu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa hoja utakazobanwa nazo hadi mahakamani ni zile ulizoziandika humo. Mwenzangu alitaka kuandika maneno mawili tu, "kufukuzwa kazi", na nilimshauri aeleze wazi kwamba sababu halisi ni shughuli za chama, aorodheshe tarehe alizogawa fomu za TUF 6, na ajaze sehemu ya nyongeza inayohusu mashauri ya kuachishwa kazi, akitenganisha ubovu wa sababu na ubovu wa utaratibu. Kuhusu utaratibu tulikuwa na hoja nyepesi: kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataka mfanyakazi apewe muda wa kutosha wa kujiandaa kwa kikao cha nidhamu, usiopungua saa 48, na aruhusiwe kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Yeye aliitwa asubuhi akasikilizwa mchana, peke yake.

Kasoro ninazoziona zimo katika sheria na kanuni, si kwa wale wanaozitekeleza. Muda wa kufungua shauri la kuachishwa kazi ni siku 30 tangu siku ya kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho, ilhali migogoro mingine ina siku 60. Matawi mengi huzimaliza siku hizo yakibisha hodi kwa meneja na kuahidiwa mazungumzo, kisha inabidi kuomba kuongezewa muda kwa sababu zitakazomridhisha mtu asiyewajua. Isitoshe, kinga dhidi ya kuachishwa kusiko kwa haki haimgusi mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Huyo, kwa maoni yangu, ajenge shauri lake juu ya kifungu cha 9, ambacho hakina sharti hilo.

Kasoro kubwa zaidi ni ya nafuu inayotolewa. Sheria ya 2004 inamruhusu mwamuzi kuagiza mfanyakazi arejeshwe kazini, lakini papo hapo inampa mwajiri mlango wa kutokea: akikataa kumrejesha, analipa mishahara ya miezi 12 juu ya stahiki na mishahara iliyolimbikizwa. Sheria za kazi zimefanyiwa marekebisho tangu wakati huo, hivyo anayepiga hesabu ya fidia leo aanze na afisa wa chama chake. Hata hivyo, kwa kiwanda kikubwa, fedha hizo ni bei nafuu ya kumwondoa mtu aliyekuwa anawakusanya wenzake. Kwa mfanyakazi mmoja mmoja naipa huduma hii alama nne kati ya tano, ila kwa tawi linalochipukia siwezi kuvuka mbili.

Shauri letu liliishia kwenye usuluhishi. Mwenzangu alilipwa kiasi alichoridhika nacho, akapewa na cheti cha utumishi, na hakurudi kiwandani. Wakati tunasaini makubaliano, kati ya watu 14 waliokuwa wamejaza TUF 6 kwake, 10 walikuwa wamekwisha kunifuata kimya kimya wakiomba fomu zao warudishiwe.