Strava kwa mkimbiaji wa Dodoma ambaye wenzake wako mbali

Anayeipakua Strava, programu ya simu ya kurekodi mazoezi, kwa nia ya kuwa mkimbiaji hodari atakuta mengi ya kumshughulisha. Mimi naitumia kwa lengo dogo zaidi, nalo ni kutoka nyumbani kila alfajiri hapa Dodoma ilhali wenzangu niliozoea kukimbia nao wametawanyika. Kwa lengo hilo naipa alama za juu, kwa sharti ambalo wapya wengi hawaambiwi: hufaa zaidi pale wanaokufuatilia wanapokuwa wachache na mnafahamiana kwa sura na kwa tabia.

Programu hii ilianzishwa Marekani mwaka 2009, na kazi yake ya msingi haina fumbo. Simu au saa hupokea mawimbi ya GPS na kuandika njia uliyopita, umbali, muda na miinuko, kisha taarifa hizo huwafikia wanaokufuata, nao huweza kukupa kidole gumba cha pongezi au kuandika maneno mawili matatu. Wakati wa kurekodi si lazima uwe na bando. Ukiishiwa ukiwa barabarani, mbio zako hubaki ndani ya simu na kupanda mtandaoni baadaye. Kwenye simu za Android lakini ni lazima kuingia katika mipangilio ya betri na kuiruhusu programu ifanye kazi bila kubanwa, kwa sababu simu nyingi huzima programu zinazoendelea kufanya kazi kioo kikiwa kimezimwa, na mtu aliyekimbia kilomita nane akajikuta ameandikiwa mbili huanza kuilaumu GPS bure.

Wengi wetu tulioletwa Dodoma na uhamisho wa Serikali ulioshika kasi baada ya mwaka 2016 tuliacha vikundi vya jogging Dar es Salaam, na hata hapo Dar hawakubaki wote. Katika kundi letu mmoja bado yuko huko, mwingine amepangiwa kazi Bukoba, na wa tatu anasoma Uskoti. Tumefungua klabu ndogo ya faragha ndani ya programu, ambayo mtu haingii mpaka akubaliwe, na huko ndiko thamani yake ninakoiona. Rafiki wa Uskoti yuko nyuma yetu kwa saa mbili au tatu kutegemea majira, kwa hiyo ninapomaliza kukimbia yeye bado amelala, na pongezi zake hunikuta nimekwisha kukaa ofisini. Mwezi Desemba jua la kwao huchomoza ikikaribia saa tatu asubuhi kwa hesabu ya saa yao. Hapa Dodoma, ambako mwaka mzima jua halipishani hata kwa saa nzima, ni vigumu kumwandikia mtu kama huyo kwamba umeshindwa kutoka kwa sababu ya giza.

Ndivyo ilivyo hata kwa mvua. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na kiasi chake kwa mwaka ni kama milimita 600 au pungufu, wakati Bukoba hupata mara tatu ya hapo na zaidi. Sisi tunalo vumbi, na kuanzia Julai tunao upepo unaolipuliza usoni, lakini ukiona mwenzako ameandika kilomita tano chini ya mvua ya Ziwa, malalamiko ya vumbi unayameza mwenyewe.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba programu yenyewe haimlazimishi mtu kukimbia kila siku. Mfululizo inaouhesabu ni wa wiki: ukirekodi zoezi moja tu ndani ya wiki, kwa hesabu yake hujakatika. Wanaotaka mazoea ya kila siku watapaswa kuyalinda wenyewe, na hapo ndipo rafiki anapofanya kile ambacho mtambo haufanyi. Ujumbe wa "Kaka, leo kimya, kulikoni?" una uzito kuliko nishani yoyote ya kwenye kioo, kwa sababu anayeuandika anajua kama wewe ni mvivu au ni mgonjwa. Sisi tumekubaliana kwamba siku ya mwili kuchoka mtu atembee tu, aandike matembezi, na yahesabiwe. Kukimbia kwa nguvu kila siku bila kupumzika ni njia fupi ya kuumiza goti au ugoko.

Klabu ina jedwali linalopanga wanachama kwa umbali wa wiki na kuanza upya kila Jumatatu. Nashauri lisichukuliwe kwa uzito. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, lakini unyevu wake humtoa mtu jasho kabla hajamaliza kilomita ya kwanza. Kilomita sita za barabara za ndani ya Chuo Kikuu cha Dodoma, zenye miinuko isiyoisha, si sawa na kilomita sita za ufukweni, ingawa jedwali litaziweka mstari mmoja. Wala sioni sababu ya mkimbiaji wa kawaida kulipia ili aone orodha kamili za waliopita kasi kwenye vipande vya njia, huduma iliyohamishiwa kwa wanaolipa mwaka 2020. Ushindani wa sekunde tuwaachie kina Alphonce Simbu, mwana wa Singida jirani zetu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03. Sehemu ya bure inatosha kabisa kwa kazi ninayoizungumzia hapa.

Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha za programu, na mzee asiyesoma Kiingereza atahitaji mtu wa kumwanzishia. Baada ya hapo alama za kubonyeza zinajieleza, na mazungumzo ya klabu ni ya kwenu wenyewe.

Faragha ndiyo inayodai umakini mkubwa zaidi, hasa katika mji wenye ofisi na makazi mengi ya watumishi wa umma. Mwanzoni mwa mwaka 2018 iligundulika kwamba ramani ya dunia iliyochapishwa na Strava, yenye kuonyesha njia zinazokimbiwa zaidi, ilikuwa imefichua mipaka ya kambi za kijeshi katika nchi kadhaa, kwa sababu tu askari walikuwa wakirekodi mazoezi yao. Raia wa mitaa ya hapa Dodoma kama Area D au Kisasa hana kambi ya kuficha, lakini anayo nyumba, na anayetoka saa kumi na moja na nusu kila siku kwa njia ileile anatangaza ratiba yake kwa yeyote anayeweza kufungua ukurasa wake. Mipangilio inaruhusu mazoezi yaonekane kwa wafuasi tu, na pia kuficha mwanzo na mwisho wa njia hadi umbali wa mita 1,600 hivi.

Kuna watakaouliza kama kundi la WhatsApp halitoshi. Kwa watu watatu wenye nidhamu huenda likatosha, ila taarifa ya mbio humo hufunikwa haraka na salamu, picha za harusi na michango, na jioni hakuna anayekumbuka nani alitoka na nani hakutoka. Kwenye Strava orodha ya wiki inabaki wazi mbele ya kila mmoja, na siku iliyorukwa inaonekana. Anayekimbia na jirani wa mtaa uleule hana haja nayo; jirani atagonga geti.