Filamu ya 1929: Mary Pickford akonyeza, Petruchio haoni

Mambo vipi watazamaji wangu, karibuni tena. Leo tuna mzee wa kazi: The Taming of the Shrew, yaani kumfuga mwanamke mkorofi, ile ya 1929, ya Mary Pickford na Douglas Fairbanks. Nasisitiza mwaka, maana ipo na ya 1967 ya Elizabeth Taylor. Ukibonyeza ovyo, umeliwa bando.

Kisa ni cha Shakespeare. Padua, Italia, tajiri ana mabinti wawili. Mdogo, Bianca, anagombewa, ila haolewi mpaka dada yake Katherine (Pickford) apate mume, na Katherine ni moto wa kuotea mbali. Anatokea Petruchio (Fairbanks), anayetafuta mke mwenye mali, anasema huyo huyo namuweza.

Mwongozaji Sam Taylor amefyeka haswa. Yule mlevi Christopher Sly anayefungua mchezo jukwaani hayupo, na vituko vya wachumba wa Bianca vimebaki kiduchu. Filamu nzima ni kama saa moja na dakika chache. Sawa tu, sikuvikosa.

Kinachonichosha ni mijeledi. Petruchio anao wake, Katherine naye anao wake, wanavyoipiga utadhani wako machungani. Na Fairbanks anacheka! Mikono kiunoni, kichwa nyuma, ha ha ha, kila baada ya sentensi mbili. Hollywood ndiyo kwanza ilikuwa inajifunza kuongea, na hawa wawili umaarufu wao waliupatia kwenye filamu zisizo na sauti. Walikuwa mke na mume tangu 1920, na hii ndiyo filamu pekee waliyoigiza pamoja kama nyota wakuu. Pickford baadaye aliandika kwamba mumewe alikuwa akichelewa kazini na maneno hajayakariri, ikabidi aandikiwe kwenye vibao. Ukishalijua hilo, mwangalie macho yake yanakoelekea. Ndoa yenyewe ilivunjika 1936.

Lakini wakinyamaza, jamani, hapo ndipo utamu ulipo. Siku ya harusi Petruchio anakuja na matambara, kiatu cha buti kichwani badala ya kofia, na mbele ya padri anatafuna tofaa. Hahitaji neno hata moja, mbavu huna.

Halafu usiku, nyumbani kwa Petruchio. Jukwaani, ile mipango yake ya kumtesa mkewe kwa njaa na kukosa usingizi huwa anawaambia watazamaji. Hapa anamwambia mbwa wake, mezani, huku anakula. Na Katherine yuko juu, anasikia kila kitu! Tazama uso wa Pickford pale. Hasemi kitu, ila unamuona anapiga hesabu. Kuanzia hapo anayefugwa ni nani? Mume anaishia kupigwa kigoda cha kichwa, na mjeledi unatupwa motoni.

Ndiyo maana ile hotuba ya mwisho, mke anapowaambia wanawake wenzake wawatii waume zao, haikunikera kama nilivyotarajia. Petruchio amekaa, bandeji kichwani, anajiona mfalme. Pickford anatamka maneno yote kwa heshima zote, kisha anamkonyeza Bianca. Mdogo mtu kaelewa. Bwana mkubwa hana habari. Shakespeare hakuandika konyezo hilo, na kwangu mimi linashinda kelele zote zilizotangulia.

Kuhusu nakala: nyingi zinazozunguka ni za 1966, ilipotolewa upya ikiwa imepunguzwa na kuwekewa muziki mpya. Kwa hiyo ukisikia muziki hauendani na umri wa picha, simu yako haina shida. Kiingereza chenyewe ni cha zamani, tafuta yenye maandishi chini.

Naipa sita kwa kumi. Tano kati ya hizo ni za Pickford, moja ya yule mbwa. Mkishaitazama, niambieni kwenye maoni: Petruchio atagundua lini?