Begi la kamera linalofunguka upande wa mgongo: uzoefu wangu

Nikisikia mtu anasifia begi la kamera kwa wingi wa mifuko, huwa namuuliza zipu kubwa inafunguka upande gani. Kwangu hilo ndilo swali la kwanza. Begi ninalolitumia sasa ni la lita 25, na mlango wake uko upande unaoegemea mgongo wa mbebaji. Limeshapita kwenye harusi, mabasi yaliyojaa na njia za milimani hadi pembe zimeanza kuchubuka.

Uzuri wa mlango huo unauona kwenye msongamano. Aliyesimama nyuma yako hawezi kukufungulia kimyakimya, maana zipu umeilalia. Ukilitua kwenye tope, kinachochafuka ni uso wa nje, si mikanda itakayorudi kwenye shati lako. Na kuna nililolipenda zaidi: ukiacha mkanda wa kiuno umefungwa, ukachomoa mikono kwenye ile ya mabega, unalizungusha begi hadi mbele ya tumbo na kulifungua hapohapo, likakaa kama sinia. Nimebadilisha lenzi namna hiyo nikiwa nimesimama kwenye maji ya magotini, hakuna hata jiwe kavu la kulitua.

Kwa kazi ya haraka, hata hivyo, halifai. Hadi uligeuze, uvute zipu na utoe kamera, maharusi wameshavishana pete. Lina kimlango cha ubavuni, lakini hakipitishi kamera iliyofungwa lenzi ya 70-200, ile ndefu ya kuvuta vitu vya mbali. Kwenye harusi naning'iniza begi dogo begani, na hili la mgongoni linabaki pembeni kama stoo.

Uzito ndio unaotofautisha mabegi kuliko yote. Lenzi ya 70-200 ya f/2.8 (yenye tundu pana la kuingiza mwanga) peke yake, nyingi zina kilo moja hadi moja na nusu. Ongeza kamera, lenzi ya pili, flashi, chaja na laptopu, na bado begi lenyewe likiwa tupu si jepesi, kwa sababu sponji zote hizo zina uzito wake. Mkanda mwembamba wa kiuno, ule wa utepe mtupu, hausaidii kitu. Hili langu lina mkanda mpana wenye sponji, unaokaa juu ya mifupa ya nyonga na kuyapumzisha mabega. Kaza kiuno kwanza, ndipo uje kwenye mabega. Ukianza na mabega, mzigo wote unabaki huko. Na ukienda kulijaribu, nenda na vifaa vyako vyote, kwa maana begi tupu halimwumizi mtu.

Ndani, vigawanyo vinashikwa kwa velkro. Vinapangika utakavyo, ila ukikibandua kimoja wakati watu wamenyamaza wanasali, kila kichwa ukumbini kinakugeukia. Kina cha ndani nacho kipime kwa rula. Langu lina sentimita 14, wakati kamera kubwa zenye kishikio cha chini kilichojengewa humohumo, mfano Canon EOS-1D X Mark III, zinakaribia sentimita 17 kwenda juu. Haisimami, lazima uilaze, na ikilala inameza nafasi ya lenzi mbili.

Mvua sasa. Kitambaa kinazuia manyunyu vizuri. Kifuniko cha mvua kimo kwenye kimfuko cha chini, lakini kinafunika uso wa nje tu, na mlango uko upande wa pili! Maji yanayoteremka shingoni yanaishia kwenye zipu. Aliyelibuni sijui aliwaza nini. Ukifika, kianike kifuniko kabla ya kukirudisha, na lenzi zitoe. Begi lililofungwa na unyevu ndani ndilo kitalu cha ukungu wa lenzi, na ukungu ukishakula kioo, fundi hawezi kurudisha kila kitu.

Kwa ndege, mashirika mengi yanakubali mzigo wa mkononi wa takriban sentimita 55 kwa 40 kwa 20 na kitu, na hili linaingia. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini. Zile za kamera ziko mbali sana na kikomo cha 100 Wh (wati-saa, kipimo cha nishati inayobebwa na betri), kwa hiyo zipande nawe tu. Mimi naziweka zote kwenye kipochi kimoja kinachochomoka, ili ndege ikijaa na mhudumu akalitaka begi liende chini, nichomoe kipochi bila kufumua kila kitu mlangoni.

Tripodi ikifungwa ubavuni inalivuta begi upande mmoja. Chupa ya maji iliyojaa upande wa pili inapunguza, haimalizi.

Jina la kampuni limeshonwa mbele kwa herufi nyeupe zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Nimelibandika tepu nyeusi.