Wamenichana fenda wakisema wanailinda

Haya ya duka lililonibandikia gari nailoni ya kukinga rangi nimeshayaandika mara mbili nikafuta. Leo siyafuti.

Gari langu ni Mazda Roadster, ile ya viti viwili ambayo nje ya Japani inajulikana zaidi kama MX-5. Liliingia Uganda kabla ya sheria ya 2018 iliyofunga mlango kwa magari yaliyozidi miaka 15, kwa hiyo hili likiniharibikia, jingine la rika lake siagizi tena. Ni jepesi, tani moja na kidogo, na liko chini mno. Ukikaa nyuma ya lori la miwa barabara ya Jinja, macho yako yanatazamana na nati za tairi lake.

Kokoto za malori nimezizoea, zinapiga boneti na maisha yanaendelea. Zinazoniuma ni zile ninazojirushia mwenyewe. Tairi za mbele zinaokota changarawe kando ya lami na kuitwanga kwenye fenda ya nyuma, pale chini, mbele ya tairi. Na wenye magari haya wanapajua hapo. Maji ya mvua kutoka kwenye paa la turubai hushukia humo humo kwa ndani, na tundu la kutokea likiziba kwa takataka, bati linaliwa taratibu bila wewe kuona. Nje mawe, ndani maji.

Ndiyo nikaenda duka moja upande wa Ntinda, Kampala, wabandikaji wa ile nailoni ya kukinga rangi. Laki tisa, fenda zote na chini ya milango. Mwenye duka alinitazama kuanzia viatu, akalitazama gari, akacheka. "Bosi, hili si gari la barabara zetu. Uza, nunua Prado." Nilikuwa nimeshika pesa mkononi, jamani. Mtu ananifukuza huku ananyoosha mkono wa kupokea!

Kazi aliifanya kijana mmoja Mkongomani, mpole, Kiswahili chake kitamu cha Bukavu. Alipuliza maji ya sabuni, akalaza nailoni, akaivuta kwenye ile kona ya fenda kwa joto mpaka ikakaa kama ngozi. Nikafurahi. Kisha nikamwona ametoa wembe na anakata ukingo juu ya gari. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, hukati kwenye meza?" Akamtazama bosi wake, hakunijibu.

Miezi ikapita. Siku moja waosha magari wakaelekeza presha ya maji kwenye ukingo wa fenda ya kulia na nailoni ikainuka pembe. Nilipoifunua kidogo nikaona mstari. Mwembamba kama unywele, urefu wa shibiri, umepinda vilevile ukingo wa nailoni ulivyopinda. Nikapitisha kucha, ikakwama. Na ndani ya mstari, rangi ya chai: kutu.

Yaani nimelipa laki tisa ili kokoto isifike kwenye bati, na wao wamelifikia kwa wembe siku ya kwanza.

Nikarudi. Mwenye duka hakuinuka hata kwenye kiti. "Hiyo ni kokoto." Nikamwambia, mzee wangu, kokoto gani inayojua kuchora? Akahamia upande wa kushoto, ambako nako nailoni ilikuwa imeng'oka na kipande cha rangi kama kiganja. "Unaona? Rangi yako ni ya mtaani. Ya kiwandani haing'oki hivyo." Akasema kwa sauti kubwa, wateja wawili wakisikia. Nilitoka pale natetemeka, nikasimama Namawojjolo kununua kuku na hata ladha yake sikuisikia.

Sasa ngoja niseme ambalo sikutaka kulisema. Upande wa kushoto ni kweli nilikuwa nimepakisha rangi kwa mafundi wa Ndeeba, wiki mbili tu kabla ya nailoni. Rangi mbichi inahitaji muda wa kukauka hadi chini, kama mwezi hivi, na mimi sikumwambia mtu. Hapo yule mzee ana haki yake, nusu. Nusu, kwa sababu fundi anayejua kazi huuliza kabla ya kubandika. Lakini kulia ni rangi ya Japani, haijaguswa. Ule mstari hauna baba mwingine.

Na linalonikera zaidi ni kwamba nailoni yenyewe ni nzuri! Sehemu ambazo haikung'oka nimezikagua kwa tochi baada ya safari zote za Jinja na moja ya Mbarara: inaonyesha vishimo vidogo vya mawe, rangi ya chini haina kitu. Mikwaruzo midogo inajifuta jua likiwaka. Nilitaka niwaambie msipoteze pesa, siwezi. Bandikeni. Ila msiende pale. Au nendeni, lakini simameni karibu na mkono wenye wembe. Hapana, msiende.

Yule kijana alinifuata hadi getini siku ile ya ugomvi. Akaniambia, "Mzee, mashine ya kukatia ilikufa zamani. Bosi anasema tukate juu ya gari, haraka." Ameshaacha kazi pale. Anasema kuna utepe wenye uzi ndani, unaubandika kwanza, unalaza nailoni juu yake, halafu unauvuta uzi unakata wenyewe bila wembe kugusa rangi. Jumapili anakuja nyumbani kuianza upya fenda ya kulia, baada ya kutu kusuguliwa na rangi kukauka mwezi mzima, safari hii nimehesabu. Nimemwambia aje na kila kitu, wembe auache kwao.