Kipimo gani cha kaboni monoksidi ubebe ukisafiri kwenda kuzamia

Mtu akilala na jiko la mkaa chumbani, mlango na madirisha yamefungwa, huenda asiamke. Gesi inayomuua ni kaboni monoksidi, na hiyohiyo inaweza kujazwa kwenye mtungi wako wa kuzamia bila wewe wala fundi wa kompresa kujua. Haina rangi, haina harufu, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Inaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni moshi wa injini. Kompresa ya petroli au dizeli inavuta hewa kwa bomba, na bomba lililotegwa vizuri wakati wa kaskazi linaweza kujikuta linanusa ekzosi siku kusi inapoanza kuvuma. Ya pili ni kompresa yenyewe kuchemka kupita kiasi mpaka mafuta yake yakaungua ndani, na hapo hata ile ya umeme haiponi. Usitegemee chujio la mkaa. Linanasa mvuke wa mafuta na harufu, kaboni monoksidi inapita. Ipo kemikali iitwayo hopkalaiti inayoigeuza, ila hewa ikiwa na unyevu inashindwa kazi.

Mimi nilinunua kipimo changu baada ya kupanda botini siku moja kichwa kinagonga na tumbo limevurugika. Nahodha akasema, "Kaka, ni bahari hiyo." Bahari ilikuwa imetulia kama maji ya beseni. Mtungi haukupimwa, ukarudishwa kujazwa, na mpaka leo sijui nilivuta nini.

Kabla ya kutoa pesa, shika namba hizi. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumulia, EN 12021, kinaruhusu ppm 5, yaani sehemu tano katika milioni. Daraja E la Marekani linaruhusu 10. Namba ndogo, lakini ukiwa mita 30 chini unavuta hewa iliyobanwa mara nne, kwa hiyo ppm 10 za juu zinakuwa kama 40 mwilini. Unachotafuta basi ni kifaa kinachoweza kutofautisha 0, 3 na 8. Kengele haina maana hapa.

Chaguo langu la kwanza ni kipimo cha mfukoni cha kielektroniki, kile wanachobeba mafundi wa boila na wazimamoto, kinachoonyesha ppm mojamoja. Sensorcon Inspector ndicho ninachokiona sana mikononi mwa wazamiaji. Ni kidogo, kigumu, na bei yake inavumilika. Kengele yake imepangwa kumlinda mfanyakazi wa nchi kavu, inaanza kulia kwenye 35, kwa hiyo kunyamaza kwake si ruhusa ya kuzamia. Soma namba. Hakina mahali pa kuunganisha mtungi, na hapo ndipo mfuko wa plastiki wa zipu unapoingia. Weka kipimo ndani, kamua hewa yote, fungua valvu taratibu sana (hewa ikipiga kwa nguvu inaharibu usomaji), jaza mfuko, umwage, ujaze tena. Funga, subiri dakika moja au mbili mpaka namba itulie. Mfuko beba kutoka nyumbani, na uondoke nao. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, Zanzibar mapema zaidi, usitegemee kuupata dukani.

Mikono iwe mikavu pia, na isiwe na dawa ya kutakasia. Niliwahi kupata 9, nikamkunjia uso fundi wa watu, kumbe ni spiriti niliyokuwa nimejipaka dakika mbili kabla. Nilimwomba radhi na soda nikamnunulia. Betri za boti zinazochajiwa nazo hutoa haidrojeni, ambayo kipimo huidhania kaboni monoksidi. Sogea mbali nazo.

Cha pili ni kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya wazamiaji, mfano Analox EII CO. Kinaunganishwa na mtungi, mtiririko wa hewa unadhibitiwa, hakuna mambo ya mfuko. Kwa usahihi ndicho bora. Nimekishusha kwa sababu ya bei tu: kwa mtu anayezamia wiki moja Mafia au Watamu kwa mwaka ni gharama nzito. Mkiwa watu sita mnaosafiri pamoja, changeni mnunue hiki, msahau cha kwanza.

Tyubu za kioo za Dräger ni za tatu. Unavunja ncha zote mbili, unapitisha hewa ya kiasi kinachojulikana, rangi inapanda kwenye mistari. Zinaaminika, lakini kila tyubu ni ya mara moja na ina tarehe ya kuisha. Zinamfaa mwenye kompresa. Wewe mwenye mitungi minane ya kupima kwa wiki, achana nazo.

Kengele ya nyumbani ya ukutani ni pesa ya kutupa. Ya kiwango cha Marekani inatakiwa ilie kwenye ppm 70, tena baada ya saa moja hadi nne. Vibandiko vinavyobadilika rangi sina la kusema juu yake. Na ukiambiwa kifaa cha kubana kidole, kile kinachopima oksijeni kwenye damu, kinatosha, kataa: kinaona damu nyekundu na kuihesabu kuwa imejaa oksijeni, hata kama iliyoshikamana nayo ni kaboni monoksidi.

Kanuni yangu: 0 hadi 2, nazamia. 3 hadi 5, naomba mtungi mwingine na nauliza maswali. Zaidi ya hapo hazami mtu. Pima kila mtungi, kwa sababu kompresa ya saa mbili asubuhi si ile ya saa tisa mchana iliyokwisha kuchemka. Anza na salamu. "Shikamoo fundi, naomba nipime huu, bima yangu inanidai" imenifungulia milango mingi kuliko kuingia na kifaa mkononi kama polisi.

Dukani angalia tarehe ya kutengenezwa. Sensa, yaani kihisi kinachonusa gesi ndani ya kipimo, huchoka baada ya miaka michache hata ikikaa kabatini, ndiyo maana sinunui kilichotumika. Chupa ya gesi ya kukisahihishia kipimo (kulinganisha namba zake na gesi ya kiwango kinachojulikana) hutaruhusiwa kupanda nayo ndege, kwa hiyo kisahihishe kabla ya safari. Usiku wa kufunga begi mtafute mjomba anayevuta sigara, apulize ndani ya mfuko. Namba isipopanda, kipimo kimekufa, na utajua hivyo ukiwa bado nyumbani.